Kliniki za mimba hatarishi: tuzipime kwa usiku wake

Mchana, kliniki nyingi za mimba hatarishi zinafanana. Pana mapokezi, pana mashine ya presha, pana ultrasaundi yenye skrini kubwa, na jina la daktari bingwa limebandikwa mlangoni. Tofauti hujitokeza saa nane usiku, pale mama wa wiki 31 anapoletwa presha ikiwa 170 kwa 115, kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Mapitio haya yanaitazama huduma hiyo jinsi inavyotolewa Tanzania: katika hospitali za rufaa za mikoa, katika hospitali za kanda na taifa kama Muhimbili, Bugando, KCMC na ile ya Mbeya, na katika hospitali binafsi na za mashirika. Alama tunazigawa kwa swali moja: kinachopangwa kliniki mchana, usiku kinatekelezeka?

Kwanza tuipunguze foleni. Mimba ya kwanza peke yake si ugonjwa. Umri wa miaka 36 peke yake haumlazimu mama kumwona bingwa kila mwezi. Ukikutana na unene, na mama mzazi aliyewahi kuugua presha ya ujauzito, hesabu inabadilika. Wanaostahili kiti cha mbele ni aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha kali ya ujauzito, mwenye presha au kisukari tangu kabla ya mimba, mgonjwa wa moyo, figo, selimundu au lupus, mwenye mapacha, aliyepasuliwa mara mbili au zaidi, mwenye kondo lililokaa chini, mwenye damu chini ya gramu 7, mwenye group hasi ambaye mwili wake umeshatengeneza kingamwili, na aliyewahi kupoteza mtoto tumboni mimba ikiwa kubwa.

Wengi wa hawa hufika kwa bingwa wamechelewa, na huo ndio udhaifu wa kwanza wa huduma nzima. Zahanati huandika rufaa tatizo likishajitokeza, wiki ya 28 au 30, wakati historia ya mama ilikuwa kwenye kadi tangu hudhurio la kwanza. Kadi ya kliniki ina sehemu ya vidokezo vya hatari. Nesi akitia alama pale halafu asiandike rufaa siku hiyo hiyo, sehemu ile imebaki pambo.

Kabla ya wiki ya 16

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote hufanyika mapema, na ni ya bei nafuu. Ultrasaundi ya kwanza ifanywe kabla ya wiki ya 14, mtoto apimwe urefu kutoka kichwani hadi makalioni. Kipimo hicho hukosea umri wa mimba kwa siku 5 hadi 7 tu. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki 3, na wiki 3 ndizo zinazotenganisha mtoto wa wiki 31 na wa wiki 34 pale daktari anapoamua kumtoa au kumwacha. Kliniki inayobadilisha tarehe ya kujifungua kila ultrasaundi mpya inapofanywa inakatwa alama hapo hapo: tarehe hupangwa na kipimo cha kwanza kizuri, vinavyofuata hupima ukuaji.

Kwa mapacha, dirisha ni hilo hilo la wiki 11 hadi 14. Ripoti isemayo "mapacha, wote wazima" haijasema kitu. Inatakiwa iseme kama wana kondo moja au mawili, kwa kuangalia utando unaowatenganisha unavyoshikana na kondo: pale kwenye mshikano pakiwa na kabari nene, makondo ni mawili, utando mwembamba ukigota wima, kondo ni moja. Wenye makondo mawili huonwa kila wiki 4 kuanzia wiki ya 20. Wenye kondo moja huonwa kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16, kwa sababu mishipa yao huungana ndani ya kondo na damu ya mmoja inaweza kuhamia kwa mwenzake. Mimba ikikua utando hupungua unene, na hata jicho zuri hukisia.

Halafu aspirini. Mama mwenye hatari kubwa ya presha ya ujauzito huanzishwa wiki ya 12, na inafaa sana ikianza kabla ya wiki ya 16, maana ndio wakati mishipa ya kondo inajipanua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku. Mabingwa wengi hutoa 150, yaani vidonge 2 vya aspirini ndogo, usiku, hadi wiki ya 36. Tunayoyaona yakiharibika ni matatu. Dawa huandikwa wiki ya 28, kama baraka tu, ilhali kazi ya kondo imeshapita. Duka la dawa likikosa ya 75 humuuzia mama kidonge cha 300 akikate kwa kisu. Na mama mwenyewe huacha baada ya jirani kumwambia itamletea damu, kwa sababu hakuna aliyemweleza ni ya nini. Kliniki inayotumia dakika mbili kueleza aspirini tunaithamini kuliko inayotumia kumi kumwonyesha mama sura ya mtoto kwenye skrini. Picha za rangi za uso wa mtoto zinapendeza kwenye albamu, lakini kuhusu kondo haziambii mtu chochote.

Kalsiamu huenda sambamba na aspirini, hasa kwa asiyekunywa maziwa wala kula dagaa. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, vidonge vingi na vikubwa, na wengi huvitupa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa miligramu 500 kwa siku hazikuwa dhaifu kuliko 1,500 katika kuzuia presha ya ujauzito. Kliniki ambayo bado inambebesha mama mfuko wa vidonge ijiulize. Kalsiamu isimezwe pamoja na vidonge vya damu, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Moja asubuhi, nyingine usiku.

Mashine ya presha na anayeishika

Hapa ndipo tunapokata alama nyingi kuliko popote, hospitali kubwa kwa ndogo. Kupima presha kunadharauliwa kwa kuwa kila mtu anajua kubonyeza kitufe. Mama aketi dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na wala si juu ya sweta. Mzunguko wa mkono wa juu ukizidi sentimita 33, mkanda wa kawaida hutia chumvi: unaleta 150 pasipo na 150. Kliniki ya mimba hatarishi isiyo na mkanda mkubwa imepungukiwa kifaa cha lazima, hata kama ina ultrasaundi mpya.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mashine nyingi za madukani hazijathibitishwa kwa wajawazito, na mama mwenye presha ya ujauzito zinaweza kumsomea chini kuliko hali halisi. Kwa vituo vidogo tunaipendelea mashine ya Microlife ya aina ya CRADLE, iliyothibitishwa kwa wajawazito, hata wenye presha kali ya ujauzito. Huchajiwa kama simu, na ina taa tatu: ya manjano huwaka presha ikifika 140 kwa 90, nyekundu ikifika 160 kwa 110. Hulinganisha pia mapigo ya moyo na presha, hivyo humbaini mama anayepoteza damu kabla hajaanguka. Mhudumu mgeni haimpi shida.

Neno "wasiwasi" kwenye kadi lina madhara makubwa. Mama anapimwa mara tu baada ya kupanda ngazi, inatoka 152 kwa 98, nesi anaandika kuwa ana wasiwasi na kumruhusu. Namba kama hiyo hurudiwa baada ya dakika 15 za utulivu. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, mama habanduki kabla ya kupima mkojo na damu, na presha hurudiwa tena baada ya saa 4. Ikiwa 160 kwa 110, hiyo ni dharura: dawa iingie ndani ya dakika 30 hadi 60.

Mkojo uwe wa muda huo huo, wa katikati ya mkondo. Kijiti cha protini husomwa baada ya sekunde 60, na kopo la vijiti likiachwa wazi kwenye joto la pwani vijiti vyote huharibika kwa unyevu. Halafu kuna jambo ambalo vituo vingi bado havijalikubali: protini isipoonekana, presha ya ujauzito haijafutwa. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikishuka chini ya 100,000, vimeng'enya vya ini vikipanda maradufu au kreatinini, kipimo cha figo, ikivuka mikromoli 90, ugonjwa upo, kijiti kiseme kisemavyo. Kwa hiyo maabara inayofunga saa tisa alasiri ni upungufu wa kliniki yenyewe.

Matibabu ya kila siku yanapatikana kwa urahisi na hapa tunatoa alama nzuri. Methildopa na nifedipini ya kutoka taratibu zipo karibu kila mahali, labetalol huhitaji kutafutwa. Aliyekuwa akitumia enalapril au losartan kabla ya mimba abadilishiwe mara moja, kwani huharibu figo za mtoto. Tangu utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2022, presha ya kudumu hutibiwa kuanzia 140 kwa 90. Daktari anayesema "tusubiri ifike 160" amebaki nyuma. Angalizo dogo: nifedipini huumiza kichwa siku za mwanzo, na maumivu ya kichwa ndiyo dalili ile ile ya presha kali. Mama aambiwe hivyo mapema, na apime presha kila kichwa kinapouma badala ya kumeza panado na kulala.

Ukuaji, sukari, moyo

Ripoti ya ultrasaundi ya wiki ya 28 na kuendelea ina mambo manne yasiyokosekana: uzito wa mtoto na nafasi yake ukilinganishwa na wenzake wa umri huo, wingi wa maji, umbali wa kondo kutoka mlango wa kizazi kwa milimita, na mtiririko wa damu kwenye kitovu kwa dopla. Dopla inamhusu zaidi mtoto mdogo. Mtiririko ukikatika kila moyo wa mtoto unapolegea, mara nyingi hangojewi zaidi ya wiki ya 34. Ukirudi nyuma, uamuzi huja mapema zaidi, karibu wiki 30 hadi 32. Mashine yenye dopla si adimu tena katika hospitali za mikoa. Adimu ni mtu wa kuitumia na daktari wa kuifanyia uamuzi jioni hiyo hiyo. Ripoti iliyoandikwa "mtoto anaendelea vizuri" bila namba, irudishe ikaandikwe upya. Una haki hiyo.

Sukari tunaipitia haraka. Kipimo sahihi ni gramu 75 za glukosi wiki ya 24 hadi 28, mama akiwa hajala usiku kucha. Kisukari cha ujauzito kipo kuanzia milimoli 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2, na namba moja tu kati ya hizo inatosha. Kumchoma mama kidole saa tano asubuhi akiwa ameshakunywa chai kunakosa wengi. Malengo ya nyumbani ni chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 6.7 saa 2 baada ya kula, na vijiti vya kupimia ndivyo gharama halisi, kwa hiyo viulizwe kabla ya mashine. Ushauri wa "acha sukari" hautoshi mahali ambapo sahani imejaa ugali. Anayejua kazi huonyesha kiasi kwa ngumi ya mkono.

Kwa moyo, Dar es Salaam ina faida ambayo mikoa mingi haina: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko ndani ya eneo la Muhimbili, hivyo wanaozalisha na wanaotibu moyo wanaweza kukutana juu ya kitanda kimoja. Mama mwenye vali iliyosinyaa kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni huonekana mzima hadi damu yake iongezeke kwa asilimia 40 hadi 50, yaani karibu wiki ya 28 hadi 32, na hatari hurudi saa chache baada ya mtoto kutoka. Mpango wake uandikwe mapema, pamoja na onyo kuwa asichomwe ergometrini, ile sindano ya kukaza kizazi baada ya kuzaa. Onyo hilo linamhusu pia mwenye presha.

Kovu na kondo

Sehemu hii tunaisisitiza kwa sababu upasuaji umeongezeka kuliko utayari wa kupambana na matokeo yake. Mama aliyepasuliwa kabla, kondo lake likikaa chini mbele, juu ya kovu, linaweza kujizamisha ndani ya nyama ya kizazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mwenye kondo lililoziba mlango na kovu moja ana uwezekano wa asilimia 11, na mwenye makovu mawili asilimia 40. Kondo la hivyo likivutwa kwa mkono, damu hutoka kwa lita.

Kliniki inayostahili jina lake humuuliza kila mwenye kovu: kondo liko wapi? Huliangalia wiki ya 20, hulirudia wiki ya 32, na likiwa bado chini mbele humpeleka mama mahali penye damu ya kutosha, daktari wa mfumo wa mkojo, dawa ya usingizi ya uhakika na mpasuaji aliyewahi kutoa kizazi cha namna hiyo. Kwa Tanzania maana yake ni hospitali ya kanda au ya taifa, mama akiwa hajaanza kutoka damu. Upasuaji hupangwa wiki ya 34 hadi 36, asubuhi, timu ikiwa kamili. Rufaa inayoandikwa meza ya upasuaji ikiwa tayari imejaa damu haina msaada. Tumeziona ripoti nyingi za ultrasaundi zikisema "kondo liko mbele" bila kutaja kovu wala mlango. Aliyezitia sahihi hakuulizwa, na hakuuliza.

Saa nane usiku

Sasa mama wa 170 kwa 115 amefika. Kuna kazi ambazo hata zahanati inapaswa kuzianza kabla ya gari kuja, na kituo kinachompeleka bila kumwanzishia kimepoteza saa zake. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, huanza na gramu 14: gramu 4 mshipani, yaani mililita 8 za asilimia 50 zikichanganywa na mililita 12 za maji ya sindano, zisukumwe polepole kwa dakika 5 au zaidi, na gramu 10 kwenye misuli, mililita 10 kila tako pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, kwa saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho. Kabla ya kila dozi mambo matatu hukaguliwa: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, dozi inangoja, na kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuizimua, iwe imelala kwenye trei ile ile, isiwe ya kutumwa mtu stoo. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2002 ulithibitisha kuwa dawa hii hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hofu ya wahudumu kuwa inaua hutokana na kutokagua, na kukagua kunahitaji nyundo ya goti, saa ya ukutani na mpira wa mkojo, basi.

Presha yenyewe hushushwa kwa nifedipini miligramu 10 ya kumeza (si ya chini ya ulimi), ikirudiwa baada ya dakika 30, au kwa haidralazini au labetalol ya mshipani. Ikionekana mtoto atazaliwa kabla ya wiki ya 34, huchomwa deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, mara 4, ili mapafu yakomae. Sindano hiyo inafaa pale ambapo umri wa mimba unajulikana, mama hana maambukizi, na mtoto atakayezaliwa ana pa kupokelewa. Ndiyo maana tunaihesabu wodi ya watoto wachanga kuwa sehemu ya kliniki ya mama. Pawe na oksijeni, mashine ya kusukuma hewa mapafuni kwa mapovu, na vitanda vya akina mama kubeba watoto kifuani. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kumbeba mtoto mdogo kifuani mapema, bila kungoja atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Hospitali yenye mashine za bei mbaya lakini inayomtenga mama na mtoto wake haijausikia utafiti huo.

Kwa damu baada ya kuzaa, kifaa kilichotuvutia ni cha plastiki: shuka lenye mfuko wa kupimia damu linalowekwa chini ya mama. Katika utafiti wa nchi nne za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliotoka mwaka 2023, kupima damu kwa mfuko huo na kutoa matibabu yote kwa pamoja kulipunguza matokeo mabaya ya utokaji damu kwa asilimia 60. Macho ya binadamu hukadiria damu chini ya kiasi halisi. Ukiukuta mfuko huo leba, ongeza nyota moja.

Ndiyo maana maswali ya kuulizwa mapokezini ni ya usiku. Nani anatoa dawa ya usingizi saa nane, na analala wapi? Hospitalini, au anapigiwa simu nyumbani? Kuanzia uamuzi wa kupasua hadi kisu, inachukua muda gani? Benki ya damu ina group langu leo, na ndugu zangu waje kuchangia lini? Maabara hupima chembe sahani usiku? Mtoto wa kilo 1.3 mnambakiza au mnampeleka kwingine? Daktari bingwa niliyemwona kliniki ndiye atakayeitwa? Swali la mwisho lina uzito hasa hospitali binafsi, maana bingwa wengi hufanya kazi sehemu mbili, na yule wa jioni unaweza kumkosa usiku. Atakayekasirika kuulizwa haya amekujibu tayari.

Kufika, na bei

Usafiri wa dharura umeboreka kwa kiasi tunachokubali kukisifu. Mfumo wa m-mama hupigiwa 115 bila malipo. Kituo cha kuratibu humuuliza mpigaji dalili, huchagua hospitali inayofaa na kutuma gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa simu. Unahudumia mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Mpaka wake uujue: ni wa dharura, haukupeleki kwenye miadi ya kliniki. Mwenye kondo la chini anayeishi saa nne kutoka hospitali asiutegemee, ahamie nyumba ya wazazi ngojea karibu na hospitali kuanzia wiki aliyopangiwa. Nyumba hizo ni tulivu kiafya lakini mara nyingi mama hujipikia, kwa hiyo aje na sufuria, chakula na mtu.

Huduma kwa mjamzito katika vituo vya serikali kisera ni bure. Bado uliza ni vipimo gani vinatoka mfukoni, hasa dopla, kreatinini na sindano ya group hasi, ambayo hutolewa wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye group chanya. Ni ghali na lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hivyo duka linaloitoa kabatini usinunue.

Kwa alama zetu, hospitali ya rufaa ya mkoa yenye upasuaji wa saa 24 na wodi ya watoto wachanga ndiyo chaguo bora kwa wengi: presha, sukari, mapacha wenye makondo mawili. Foleni ni ndefu na faragha ni haba, lakini usiku watu wapo. Kanda na taifa tunawaachia moyo, figo, kondo lililozama na mapacha wa kondo moja. Kumpeleka kila mtu huko kunawaziba hawa. Hospitali binafsi hushinda kwa muda wa maongezi na kwa ultrasaundi, nyingine zimekamilika hata usiku, na nyingine ni kliniki nzuri iliyobandikwa kwenye hospitali isiyo na damu. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka halmashauri zinafaa kugundua tatizo, hazifai kulifuatilia, maana mgonjwa wa wiki 26 ana wiki kumi au zaidi mbele na kambi ina siku chache.

Sehemu dhaifu kuliko zote kila mahali ni baada ya mtoto kutoka. Presha hupanda kileleni kati ya siku ya 3 na ya 6, mama akiwa ameruhusiwa na wageni wamejaa sebuleni, na kliniki humpa tarehe ya wiki 6. Apimwe kabla ya kuondoka, siku ya 3 na siku ya 7. Methildopa ibadilishwe, kwani inaweza kumtia mzazi huzuni. Enalapril, iliyokatazwa wakati wa mimba, sasa inaruhusiwa hata akinyonyesha. Aliyekuwa na kisukari cha ujauzito arudie gramu 75 kati ya wiki ya 6 na 12. Na asiondoke bila karatasi inayotaja alijifungua wiki ya ngapi, kwa sababu gani, alipewa nini, na aanze aspirini wiki ya 12 mimba nyingine ikija. Aliyepasuliwa mimba ikiwa changa apate sentensi moja zaidi: kizazi kilikatwa kwa ulalo chini au kwa wima juu. Wa wima hatakiwi kusukuma tena maisha yake yote, na kovu la nje la tumboni halionyeshi kilichofanyika ndani.